Swali la Mtoto na Kalamu ya Baba

Juzi jioni binti yangu, aliye shule ya sekondari, aliniletea swali la kujibu nyumbani: "Kwa nini jumba la tamthilia la kale huko Hispania liliitwa corral?"

Nilishika kalamu nimwandikie jibu, mara nikakumbuka kosa langu la muhula uliopita. Wakati ule nilimwandikia kila kitu. Alipata alama zote, lakini mwalimu alipomsimamisha aeleze, alibaki kimya mbele ya wenzake. Aibu ile ilikuwa yangu, naye ndiye aliyeibeba.

Safari hii tulianza na neno lenyewe. Kamusi ya Kihispania ilitueleza kuwa corral ni ua, au zizi la mifugo.

"Kumbe walicheza uani, Baba?"

"Soma kitabu chako, mwanangu, kisha uniambie."

Akasoma. Akaona kwamba katika karne ya 16 na ya 17 tamthilia za Madrid zilichezwa katika nyua zilizozungukwa na nyumba. Jukwaa lilijengwa upande mmoja, na madirisha ya nyumba yakawa mahali pa matajiri pa kutazamia. Mchezo ulifanyika alasiri, kwa kuwa taa yao ilikuwa jua. Sehemu ya mapato ilisaidia hospitali za maskini.

Wanaume wa kawaida walisimama uani kwa makelele mengi, wakaitwa mosqueteros, yaani askari wa bunduki. Wanawake walitengewa roshani iliyoitwa cazuela, maana yake chungu cha kupikia. Mama yake, aliyekuwa akisonga ugali, akacheka: "Bila shaka walibanana kama maharage!"

Waandishi wenyewe hawakuwa wageni wa jeshi. Miguel de Cervantes, aliyetunga pia tamthilia, alijeruhiwa mkono wa kushoto katika vita vya baharini vya Lepanto mwaka 1571. Pedro Calderón de la Barca naye alipigana katika vita vya Catalonia vilivyoanza mwaka 1640. Katika mji wa Almagro, ukumbi mmoja wa karne ya 17 ungali umesimama, na michezo ingali ikichezwa humo.

Binti yangu aliandika jibu lake mwenyewe. Niliona kosa moja la herufi, nikamwambia alitafute.

Mzazi mwenzangu, urudipo kutoka lindoni au ofisini, hata kama uliacha shule mapema, usione haya kusema: "Sijui, mwanangu, hebu tusome pamoja." Muulize neno lina maana gani na kitabu kinasemaje. Kisha umwachie kalamu.

Siku ya pili mwalimu alimsimamisha tena. Alieleza yote, na alipofika kwenye chungu cha wanawake, darasa zima lilicheka pamoja naye.