Siku Mbili Katika Jangwa la Utah
Ndugu wasomaji mlio na jamaa Marekani, na mnaotamani kuliona jangwa pamoja na wazee na watoto, siku mbili mjini Moab zatosha. Hifadhi ya Arches, yenye matao ya mawe zaidi ya 2,000, i jirani. Double Arch hufikiwa kwa mwendo mfupi usio na mlima. Njia ya Delicate Arch waachieni vijana: karibu kilomita 5 kwenda na kurudi, mwamba mtupu, kivuli hakuna. Kiangazi joto hupita nyuzi 38. Chagueni Aprili au Oktoba, na kila mtu achukue lita 4 za maji kwa siku. Asubuhi ya pili nendeni Mesa Arch, hifadhi ya Canyonlands. Jua likichomoza, tumbo la tao huwaka mithili ya kaa. Wapiga picha hujazana hapo. Fikeni kungali giza.