Kuunda Eropleni Ndani ya Kompyuta

Wako watu Marekani na Ulaya wanaojiundia eropleni ndogo nyumbani kwao. Mimi naunda ya mfano tu, ndani ya kompyuta, kwa programu iitwayo X-Plane. Nimechagua Long-EZ, aliyoibuni Burt Rutan, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1979. Ina viti viwili. Rafadha iko nyuma, na bawa dogo liko mbele.

Programu haitazami uzuri wa rangi. Huyakata mabawa vipande vipande, ikahesabu nguvu ya hewa kwa kila kipande. Kwa hiyo kazi kubwa ni vipimo. Mwendo ukipungua mno, sharti bawa la mbele lishindwe kubeba kabla ya lile kubwa. Hapo pua huinama yenyewe, na eropleni hupata mwendo tena. Lakini uzito ukiwekwa nyuma kupita kiasi, bawa kubwa laweza kushindwa kwanza, na rubani asiweze kuiinamisha pua.

Katika kompyuta eropleni ikianguka, nitaanza upya. Aliyeunda ya kweli hukaa ndani yake yeye mwenyewe. Basi, ndugu zangu, kabla ya kupaka rangi, pimeni uzito.