Bustani ya Boma: Ilinde kwa Vitu Vilivyomo Bomani

Ndugu mfugaji, na wewe mama wa boma,

Kiangazi maziwa yakipungua, mboga inanunuliwa mnadani au gulioni, tena kwa safari ndefu. Tuta moja la sukuma wiki, mchicha au kunde karibu na nyumba linapunguza safari hizo. Wengi mmeshajaribu. Wengi pia mmeacha, na mkiulizwa sababu jibu ni moja: mbuzi. Wengine wameshindwa na kuku, jua au wadudu. Yote haya yana kinga isiyohitaji kwenda dukani.

Anza na ua. Matawi ya mgunga mnayozungushia zizi la ndama yanatosha, ila kwa bustani yapange mazito zaidi upande wa chini, maana mbuzi hapiti juu kama kuna tundu chini. Kata matawi, usikate mti mzima. Anayetaka ua wa kudumu apande vipande vya mnyaa, ule ambao Wamaasai huuita emanyara na ambao umeupa mkoa wetu wa Manyara jina lake. Mbuzi hauli kirahisi. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kupofusha, kwa hiyo watoto wasiukate. Ukirukiwa, osha jicho kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha nenda zahanati.

Mche wa mti, kama mpapai au mwarobaini, una kinga nyingine. Koroga kinyesi kibichi cha mbuzi au ng'ombe na maji mpaka kiwe uji, upake kwenye shina na majani. Mbuzi akinusa kinyesi anaacha. Rudia baada ya mvua. Usipake kwenye mboga za majani, hizo mnakula wenyewe.

Kuku wanapenda tuta lililopandwa jana kwa sababu udongo ni laini. Laza vijiti vya miiba juu yake mpaka mbegu ziote na kushika mizizi. Miche michanga ya sukuma wiki ijengee kichanja kifupi cha nyasi dhidi ya jua, na kiondoe kidogo kidogo, si kwa siku moja.

Sehemu zetu kavu, tuta la kuinuka halifai. Chimba tuta la kuzama, kina cha shubiri moja, upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Changanya udongo na samadi, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Maji yatakaa humo badala ya kukimbia. Funika udongo kwa nyasi kavu, mwagilia jioni, na mwaga maji kwenye shina. Maji yaliyooshea vyombo yanafaa, ya kufulia yenye sabuni nyingi hayafai.

Samadi ndiyo mali ambayo mkulima wa mjini anainunua na ninyi mnaikalia. Lakini isiwe ya leo. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na ina mayai ya minyoo. Chota ya zizi la zamani, iliyokuwa kama unga na isiyonuka. Kama hamna, lundika mbichi, ilowanishe, ifunike, na uiache miezi mitatu. Majivu usiyachanganye na samadi mbichi, yanapoteza nguvu yake hewani. Yaweke peke yake: pete ya majivu makavu kuzunguka mche humzuia sota, yule funza anayekata shina usiku. Nyunyiza kidogo kwenye majani yenye vidukari asubuhi kukiwa na umande, na osha mboga kabla ya kupika.

Sasa jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Wadudu wakizidi, usichukue dawa ya kuogeshea mifugo ukanyunyizia mboga. Najua inaua kupe, na najua pampu ipo pale. Dawa ile imetengenezwa kwa ngozi na manyoya, si kwa kitu cha kuliwa, na nyingi zina mafuta yanayoshika kwenye jani hata ukiosha. Pampu ya josho isiguse bustani, wala kopo lake lisichotee maji. Mtu au mnyama aliyekula sumu ya namna hii anaweza kutoka mate mengi, kutetemeka, kuhara na kuhema kwa shida. Kama ni mtu, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mwahishe zahanati, na nenda na kopo la dawa ili mganga asome ni dawa gani. Kama ni mbuzi, mwite mtaalamu wa mifugo saa hiyo hiyo na uwazuie wengine wasiingie hapo.

Kingine ni nailoni na waya. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, ila viroba na kamba bado vipo. Bustani ya kiroba ni nzuri, lakini kiroba kikikaa juani kinachanika nyuzi, na ng'ombe mwenye njaa ya chumvi anazitafuna. Zinajikunja tumboni, hazitoki, mnyama anakonda huku anakula. Waya ni mbaya zaidi: unatoboa tumbo la mbele na unaweza kufika kwenye moyo. Ukimwona ng'ombe amepinda mgongo, ametanua viwiko vya mbele na hataki kuteremka mlima, niite. Fungia ua kwa kamba za katani au magome, na kila ukisafisha tuta okota vipande vyote uvifukie shimoni. Mabaki ya kunde wape mbuzi, kidogo kidogo kama ni mabichi. Ya nyanya usiwape, yatupe kwenye lundo la samadi.