Gari la familia la safu tatu Marekani: Kukodi au kununua?

Tangazo la gari kubwa la familia nchini Marekani aghalabu hutaja kiasi kimoja kwa herufi kubwa, nacho ni malipo ya kila mwezi. Lakini kwa familia yenye watoto kadhaa na safari ndefu, gharama halisi ya kukodi gari la aina hiyo imo katika vifungu ambavyo wachache huvisoma kabla ya kutia saini.

Magari yanayozungumziwa hapa ni yale ya safu tatu za viti, yanayobeba watu saba au wanane, maarufu kwa jina la krosova. Kwa umbo yanafanana na magari ya kupandia milima, lakini yameundwa kwa msingi wa gari la kawaida la abiria, hivyo huendeshwa kwa wepesi zaidi. Miongoni mwake ni Kia Telluride, Honda Pilot, Chevrolet Traverse, Volkswagen Atlas na Toyota Grand Highlander. Yote hayo huundwa nchini Marekani kwenyewe, na bei yake yakiwa mapya hufikia makumi ya maelfu ya dola. Kwa sababu hiyo, familia nyingi, zikiwemo za wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, huvutiwa na mkataba wa kukodi kwa miaka mitatu, ambao malipo yake ya mwezi huwa madogo kuliko ya mkopo.

Malipo ya mwezi yanatoka wapi?

Anayekodi hailipii thamani yote ya gari. Hulipia sehemu ya thamani inayopotea katika kipindi cha mkataba, pamoja na riba. Tuchukue mfano wa kubuni. Bei iliyokubaliwa ni dola 48,000, na kampuni inayokodisha inakadiria kwamba baada ya miezi 36 gari litabaki na thamani ya dola 27,840, yaani asilimia 58. Thamani inayopotea ni dola 20,160, ambayo ikigawanywa kwa miezi 36 ni dola 560 kwa mwezi.

Juu ya hapo huongezwa riba. Muuzaji huenda asiitaje kwa asilimia, bali kwa nambari ndogo yenye desimali nyingi, kwa mfano 0.0025. Nambari hiyo ikizidishwa kwa 2,400, mteja hupata riba ya mwaka, ambayo hapa ni asilimia 6. Ili kupata riba ya mwezi, bei ya mwanzo na thamani ya mwisho hujumlishwa, kisha jumla huzidishwa kwa nambari ile ile. Katika mfano wetu inakuwa karibu dola 190. Malipo ya mwezi kabla ya kodi ni dola 750.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 kuhusu ukodishaji wa bidhaa kwa watumiaji inamtaka anayekodisha aandike hesabu hizi waziwazi. Anapaswa kuonyesha kiasi cha kulipa siku ya kutia saini, jumla ya malipo yote, gharama ya kila maili inayozidi, na bei ya kulinunua gari mwishoni. Hata hivyo, sheria hiyo haimlazimishi kutaja riba kama asilimia ya mwaka. Mteja anapaswa kuikokotoa mwenyewe au kuuliza.

Maili na alama za watoto

Mkataba wa kawaida huruhusu maili 10,000, 12,000 au 15,000 kwa mwaka. Maili 12,000 ni takriban kilomita 19,300. Kwa mzazi mmoja anayefanya kazi karibu na nyumbani, kiasi hicho kinatosha. Kwa familia inayopeleka watoto shule mbalimbali, kanisani au msikitini, na kusafiri majimbo ya mbali kwa harusi na misiba, maili hizo huisha mapema.

Tukirudi kwenye mfano wetu, iwapo familia itasafiri maili 17,000 kwa mwaka, itazidisha maili 15,000 katika miaka mitatu. Kwa senti 20 kwa kila maili, deni la mwisho ni dola 3,000, linalodaiwa kwa pamoja siku ya kurudisha gari. Anayejua mapema kwamba atasafiri sana ni afadhali anunue maili za ziada mwanzoni, kwani mara nyingi huwa nafuu zaidi.

Uchakavu pia una bei yake. Mikwaruzo midogo huvumiliwa, lakini kiti kilichochanika, doa lisilotoka, bodi iliyobonyea au tairi zilizolika kupita kiasi hutozwa fedha. Gari linalobeba watoto wadogo, viti vyao vya usalama na vyakula vyao ndilo lenye hatari zaidi ya kurudi na kasoro hizo.

Hesabu ya miaka mitatu na ya miaka tisa

Katika mfano wetu, malipo ya miezi 36 ni dola 27,000. Tukiongeza dola 3,000 za maili na kukadiria dola 1,000 za ada za kuanzisha na kufunga mkataba, jumla ni dola 31,000.

Familia ya pili imenunua gari lile lile kwa mkopo wa miezi 60, kwa riba ya asilimia 6 na bila malipo ya awali. Kila mwezi inalipa dola 928. Baada ya miaka mitatu imelipa takriban dola 33,400 na bado inadaiwa dola 20,900. Ikiwa gari hilo, lililosafiri maili nyingi, linaweza kuuzwa dola 24,800, familia itabakiwa na dola 3,900 mkononi. Gharama yake halisi ni dola 29,500. Kwa hiyo katika miaka mitatu tofauti kati ya familia hizo mbili ni ndogo.

Tofauti kubwa huja baadaye. Mnunuzi humaliza deni katika mwaka wa tano, akiwa amelipa takriban dola 55,700, na gari likabaki mali yake. Mkodi huanza upya kila miaka mitatu. Katika miaka tisa, mikataba mitatu kama huo wa kwanza hugharimu dola 93,000, hata kama bei hazitapanda. Mnunuzi akitumia dola 10,000 kwa matengenezo, bado atakuwa ametumia kiasi kidogo zaidi, na gari kuukuu liko uani kwake.

Je, gari lenyewe linafaa?

Safu ya tatu ya viti katika baadhi ya magari haya huwatosha watoto tu, na viti vyote vikitumika nafasi ya mizigo hupungua sana. Ni busara kwenda dukani na viti vya watoto vyenyewe, kuvifunga, na kuona kama mtu mzima anaweza kuingia nyuma.

Mafuta nayo yahesabiwe. Telluride inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne ilipoingia sokoni ilipimwa kwa wastani wa kilomita 9 hivi kwa lita. Minivani ya Toyota Sienna, ambayo tangu toleo la mwaka 2021 hutumia mfumo wa mseto wa petroli na umeme, hufikia kilomita 15. Kwa maili 17,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni zaidi ya lita 1,200 za petroli, na minivani ina milango ya kuteleza inayowafaa watoto.

Nani akodi, nani asikodi

Kukodi kuna manufaa yake. Dhamana ya msingi ya watengenezaji kadhaa, wakiwemo Toyota, Honda na Chevrolet, ni miaka mitatu au maili 36,000, muda unaolingana na mkataba wa maili 12,000 kwa mwaka. Hasara ya gari kuporomoka thamani kuliko ilivyokadiriwa humwangukia mwenye mali. Na thamani ikipanda, kama ilivyotokea mwaka 2021 na 2022 wakati uhaba wa magari mapya ulipopandisha bei ya yaliyotumika, mkodi mwenye haki ya kununua anaweza kulichukua gari kwa bei iliyoandikwa awali.

Lakini mkataba haufuati mabadiliko ya maisha. Anayepoteza kazi au kuhamia nchi nyingine na kutaka kuuvunja mapema anaweza kudaiwa maelfu ya dola. Mikataba mingi hukataza kutumia gari kwa biashara ya kubeba abiria, na baadhi huhitaji ruhusa kabla ya kuvuka mpaka kuingia Kanada au Mexico. Gari hilo haliwezi kuuzwa ili kukidhi dharura ya familia nyumbani, kwa kuwa si mali ya anayeliendesha.

Tahadhari moja zaidi inahusu malipo makubwa ya awali, ambayo hupunguza malipo ya mwezi na kupendeza machoni. Gari likiharibika kabisa katika ajali mwezi wa pili, bima humlipa mwenye gari, na fedha zilizotangulizwa kwa kawaida hazirudi. Ni salama zaidi kutanguliza kidogo, na kuthibitisha kwamba mkataba una kinga ya kufidia pengo kati ya deni na malipo ya bima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Familia inayotaka kukodi na ianze kwa kuandika maili ilizosafiri mwaka uliopita, kisha ndipo iulize malipo ya mwezi ni kiasi gani.