Mdomo Umeshonwa, Fizi Je?

Mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura akishashonwa, nyumbani huhesabiwa amepona. Majirani wanakuja kumpongeza mama, picha zinapigwa, na kadi ya kliniki inatupwa kabatini. Kwa mtoto aliyepasuka mdomo peke yake, furaha hiyo mara nyingi ni halali. Lakini ufa ukiwa umepita kwenye fizi hadi kaakaa, mshono wa mdomo ni mwanzo tu wa matibabu yatakayokwenda sambamba na ukuaji wake mpaka awe mtu mzima.

Ufa wenyewe hutokea mapema. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa hufuata hadi wiki ya 9 hivi, wakati akina mama wengi hata kliniki hawajaanza. Pande za kushoto na kulia zisipokutana kwa wakati wake, pengo hubaki. Mara nyingi urithi huchangia, pamoja na mambo kama sigara, pombe, kisukari cha mama na baadhi ya dawa za kifafa. Mama anayetumia dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake. Amwone daktari kabla ya kushika mimba. Laana na uchawi havihusiki.

Kazi ya kwanza ni kumlisha. Mtoto mwenye ufa kwenye kaakaa hawezi kuvuta ziwa vizuri, kwa sababu hewa humvujia puani. Mama hukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe, kijiko au chupa laini inayobinywa, mtoto akiwa ameinuliwa wima, na kumcheulisha mara kwa mara kwa kuwa humeza hewa nyingi. Uzito ndio unaofungua mlango wa chumba cha upasuaji: kipimo kinachotumiwa tangu zamani ni umri wa wiki 10, uzito wa takriban kilo 4.5 na himoglobini ya damu ya gramu 10 kwa desilita. Ndiyo maana mdomo hushonwa kuanzia miezi 3 hivi.

Kaakaa hufuata kati ya miezi 9 na 18, kabla lugha haijakomaa. Hapo daktari hafuniki tundu tu. Misuli ya kaakaa laini huwa imejishika mahali pasipo pake. Daktari huibandua na kuiunganisha katikati, ili iweze kuinuka na kuziba njia ya pua mtoto anapozungumza. Ikishindwa kuziba, mtoto husema “baba” na wewe ukasikia “mama”. Huyo anahitaji mtaalamu wa matamshi, na wakati mwingine upasuaji mwingine. Masikio nayo yapimwe, maana watoto hawa hujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio na kusikia kwao hupungua polepole.

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni ya fizi. Pengo la mfupa hubaki ndani ya taya la juu hata nyama ikiwa imefungwa vizuri kwa nje. Jino lililo karibu na pengo hilo, lile la pili kutoka katikati, mara nyingi huota kombo au halioti kabisa. Linalofuata ni chonge, ambalo hushuka mtoto akiwa na miaka 11 hivi, nalo linahitaji mfupa wa kushukia. Kwa hiyo, kati ya miaka 8 na 11, daktari wa kupanga meno hutanua taya kwa kifaa maalumu, kisha mpasuaji huchukua mfupa laini kutoka nyongani na kuujaza kwenye pengo. Chonge likishuka baadaye, hupita ndani ya mfupa huo na kuuimarisha. Likitangulia kushuka kabla ya mfupa kuwekwa, mzizi wake unaweza kubaki wazi ukingoni mwa pengo, na mfupa utakaowekwa kwa kuchelewa hushika kwa shida zaidi.

Baada ya hapo huja waya za kunyoosha meno, kwa kawaida meno ya utotoni yakishang'oka. Kovu la kaakaa nalo huweza kubana ukuaji wa taya la juu, meno ya juu yakaangukia nyuma ya yale ya chini. Hali hiyo ikizidi nguvu za waya, taya husogezwa mbele kwa upasuaji, lakini sharti ukuaji ukome kwanza, na wavulana hukoma kukua baadaye kuliko wasichana.

Upasuaji wa mdomo na kaakaa siku hizi hupatikana bila malipo katika hospitali kadhaa za Afrika Mashariki, ikiwemo CCBRT ya Dar es Salaam, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hugharimia kazi hiyo kupitia madaktari wa nchi zenyewe. Lakini wataalamu wa kupanga meno, wanaohitajika kwa hatua ya fizi, ni wachache na wamejazana mijini. Tena fizi yenye pengo haiumi, basi mtoto hana la kulalamikia na mzazi hana la kumkumbusha.

Kwa hiyo kabla mtoto hajaruhusiwa kutoka hospitali, muulize daktari swali moja: je, ufa umefika kwenye fizi? Akijibu ndiyo, andika kwenye kadi mwaka ambao mtoto atatimiza miaka 7. Mwaka huo mpeleke akapigwe picha ya taya, hata kama hana jino linalomuuma.