Jembe la Mfereji

Nyuma ya mlango wa jiko la babu yangu, huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro inayoutazama mji wa Moshi, yalikaa majembe mawili. Moja lilikuwa la kihamba, shamba letu la nyumbani. Hilo yeyote aliweza kulichukua akachimbie mashimo ya migomba au akapalilie magimbi. La pili lilikuwa la mfereji, na halikuguswa. Nikiwa na miaka tisa hivi nilikwenda nalo kuchimbua viazi. Babu akanifuata, akalichukua mkononi mwangu bila kupandisha sauti.

“Hili si letu, mjukuu wangu. Hili ni la watu.”

Sikumwelewa, kwa sababu nilijua fika alilinunua mwenyewe, kwa fedha zake, sokoni Mbuyuni. Tulipomzika Agosti 2024 jembe hilo lilikuwa limelika hadi kubaki upana wa kiganja. Pembe zake zote zilikuwa zimekwisha, limekuwa mviringo kama upawa.

Umri wake tulikuwa tukiukadiria. Mama yake alimwambia alizaliwa mwaka ule ule ilipoanza KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, nasi tukaandika 1933 kwenye msalaba. Alilima hadi miezi michache kabla ya kifo chake. Alilima kwake, lakini nikikumbuka vizuri zile siku za likizo nilizoshinda naye, saa nyingi zaidi tulizitumia kwenye mfongo.

Mfongo ni mfereji wa asili. Wachagga walikuwa wakiichimba na kuitunza mifongo muda mrefu kabla ya Mjerumani kufika, na wageni wa Ulaya waliopita mlimani karne ya 19 waliandika habari zake kwa mshangao. Maji hukingwa juu, kwenye banio la mawe, magogo na mabonge ya udongo wenye nyasi. Kutoka hapo huongozwa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana, kiasi kwamba mtu akisimama upande wa pili wa bonde anaweza kuapa kwamba maji yanapanda mlima. Mteremko ukizidi, maji yanaula udongo na mfereji unabomoka. Ukipungua mno, tope linatuama na walioko chini hawapati kitu. Penye korongo maji huvushwa kwa gogo lililochongwa. Pembeni kuna nduwa, bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku, ambalo hufunguliwa alfajiri.

Babu hakuwa na kipimo cha fundi. Alidondosha jani kavu la mgomba majini, kisha akatembea nalo sambamba, mikono nyuma. Jani likimwacha, alisimama hapo na kuamuru pawekwe mawe. Likibaki nyuma yake, alivua viatu akaingia na lile jembe. Kwake maji yalitakiwa yaende kwa mwendo wa mzee anayekwenda kanisani bila haraka. Nimewahi kusimulia jambo hili kwa mhandisi mmoja wa umwagiliaji, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimweleze tena ukubwa wa jani.

Alikuwa mwenyekiti wa mfereji kwa zaidi ya miaka thelathini. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, wala posho, wala kiti. Kilikuwa na daftari tu. Kaya arobaini na ushee zilikuwa na zamu zake, nyingine asubuhi, nyingine mchana, nyingine maji ya nduwa, na zote ziliandikwa kwenye madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa zamu, wa kulia wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji na kujenga upya banio baada ya masika kulisomba. Aliyefika alipigiwa mstari wima. Asiyefika bila sababu alichorewa duara, na duara lilikuwa na maana moja: debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, linywewe na waliofanya kazi.

Katika daftari la mwaka 1988 kuna duara mbele ya jina la baba yangu mdogo, mtoto wa mwisho, yule ambaye kwa desturi yetu ndiye anayerithi nyumba ya baba. Siku hiyo alikwenda mjini kutazama mpira. Babu alimtoza kama alivyowatoza wengine, na jirani mmoja mzee aliniambia msibani kwamba duara lile ndilo lililompa babu haki ya kuwachorea wengine kwa miaka yote iliyofuata.

Naamini hivyo. Lakini kuna jambo ambalo jirani yule hakulisema, nami sitaki lipite. Mbege ya faini ile aliipika bibi. Ni yeye aliyechemsha ndizi, akaotesha ulezi, akausaga, akatafuta msesewe wa kutia uchungu, akasubiri siku zote ambazo pombe hiyo inataka. Na ni yeye aliyeshuka shamba la chini karibu kila siku ya maisha yake kukata majani ya ng'ombe, akapanda nayo mlima kichwani, ili ipatikane samadi ya kulisha migomba ambayo watu waliisifia kwa jina la babu. Tunapowakumbuka wazee wetu waliotumikia jamii, tumezoea kuhesabu vikao walivyohudhuria. Tuhesabu pia nani alibaki nyumbani akiwakamulia ng'ombe. Babu mwenyewe alilijua hilo. Bibi alipofariki alikaa msimu mzima bila kupogolea kahawa, na tulipomuuliza alisema hana wa kumwonyesha.

Kesi iliyompa heshima zaidi ilikuwa ya 1974, mwaka wa njaa, ambayo nimeisikia kwa watu watano na wote wanaisimulia kwa sauti ya chini. Vuli haikunyesha vizuri, mfereji ukawa mwembamba kama kamba. Ndugu wawili wa tumbo moja, vihamba vyao vikiwa vimetenganishwa na mstari wa mimea ya masale, waligombania maji. Mdogo alikwenda usiku akaondoa bonge la udongo, akaelekeza zamu ya kaka yake kwenye mahindi yake. Asubuhi kaka alitoka na panga.

Babu hakuitisha kikao. Aliwaambia wote wawili wachukue majembe wamfuate, wakapanda hadi banioni, mwendo wa saa mbili, bila mtu kusema neno. Njiani walikuta mti mkubwa umeanguka na mizizi yake imepasua ukingo. Maji mengi yalikuwa yakipotelea bondeni. Waliziba siku nzima, watatu, kwa mawe na magogo ya migomba. Jioni maji yalirudi. Mdogo hakusamehewa faini kwa sababu hiyo. Alitozwa, na kesho yake alikata isale akaenda kwa kaka yake nalo mkononi. Kwetu, aliyekuja na isale hafukuzwi. Mashina ya masale yale bado yapo mpakani, na watoto wa ndugu wale bado wanapokezana maji.

Kahawa ilikuwa ndiyo fedha. Iliingia mlimani kupitia misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na walowezi hawakupenda kumwona Mwafrika akiilima. Ndiyo maana wakulima waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao, na miaka minane baadaye ikaja KNCU. Babu alikulia ndani ya habari hiyo. Shule aliyosoma, bati lililoezekwa kwenye nyumba ya baba yake, hata blanketi alilofunikwa utotoni, vyote alivitaja kwa kipimo cha magunia.

Mimi namkumbuka akiwa wa bluu. Dawa ya kahawa, mrututu, ilikipaka rangi kila kitu: majani, bomba la kupulizia, shati lake la kazi, kucha zake. Alipambana na kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoitia punje changa madoa meusi hadi idondoke. Alikuwa pia mpimaji katika chama cha msingi cha ushirika. Mkulima alipofika na kahawa ya maganda, babu alitia mkono hadi kiwikoni ndani ya gunia, akatoa punje kutoka chini, si za juu, akaing'ata moja. Punje ikibonyea, kahawa bado mbichi, irudishwe kichanjani. Ikigoma, aliifuta mizani kwa kitambaa mbele ya macho ya mwenye mali na kumwacha aisome mwenyewe. Asiyejua kusoma alihesabiwa mawe ya mizani moja baada ya jingine kwa sauti, mbele ya foleni nzima.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mizani ikabaki palepale chini ya mamlaka nyingine, naye akaendelea kupima. Ushirika uliporudi miaka ya 1980 alipima tena. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1990 wakaja wanunuzi binafsi. Mmoja wao alichukua kahawa ya nusu ya kitongoji kwa ahadi, asirudi. Babu alikuwa amewashauri watu wasimpe. Hata hivyo alikwenda nao mjini mara tatu kumtafuta, kwa nauli yake. Majirani wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya, nami siwezi kuwalaumu, maana ada za shule hazikungoja bei ipande. Yeye alibakiza shina mia moja hivi chini ya miti ya miringaringa, na uzeeni akapanda miche mipya inayohimili chulebuni, kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungu.

Alisomba mawe ya shule ya kata pia, na alikaa kwenye kamati ya zahanati. Hayo yamesemwa vizuri na wengine siku ya mazishi.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, hapo hapo Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Nilimsomea babu habari hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Wameandika nani atasafisha mfereji?”

Lilikuwa swali la kweli, na alilielekeza kwangu. Sisi tulioondoka tunapanda mlima Desemba na magari, tunachinja, babu enzi zake alipewa kidari chake, tunapiga picha, na Januari migomba inabaki na wazee. Kihamba cha ekari moja na nusu kikigawanywa kwa wana wanne hakitoshi hata kuwagombanisha. Vijito vimepungua, mabomba yamefika, na mtu mwenye bomba uani haoni kwa nini apande hadi banioni na jembe. Lakini bomba halinyweshi kihamba. Kila mfongo unaokufa unaacha nyuma yake migomba midogo midogo, na baada ya hapo miti mikubwa inauzwa mbao. Nimeona hivyo upande wa pili wa bonde letu, na iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Mwaka huu nilikwenda Januari, si Desemba. Mwenyekiti wa mfereji sasa ni mama wa miaka hamsini na kitu, binti wa mmoja wa wale ndugu wawili. Daftari ni jipya, jedwali la kuzidisha ni lile lile. Tulikusanyika kumi na saba asubuhi, ukungu ukiwa bado mitini. Alipofika kwenye kaya yetu alitazama juu ya miwani, akaliona jembe nililoshika, akanitazama mimi.

“Mwanangu, hilo halichimbi tena.”

“Najua, mama.”

Alipiga mstari wima. Mvulana mmoja akaniazima jembe lake la pili. Nilipewa hatua kumi na mbili, chini ya mringaringa, mahali ambapo mizizi inaingia mferejini, na udongo pale ulikuwa mzito.