Kompyuta yako inafanya nini usiku?

Saa nne za usiku, Vuga. Umechoka na tasnifu, laptopu umeiacha kwenye chaji na faili moja tu liko wazi. Hebu angalia kipimo cha matumizi ya prosesa. Pengine utakuta asilimia 3 ndiyo inayofanya kazi. Hizo 97 zimekaa barazani zinapiga soga.

Kuna watafiti wanaozitaka. Utaratibu wenyewe unaujua tayari, kama umewahi kukaa kwenye shughuli ya harusi hapa Unguja. Gunia la mchele halichaguliwi na mtu mmoja. Kila mama anapewa ungo wake, anatoa chuya na vijiwe, anarudisha, anachota tena. BOINC, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inafanya hivyo hivyo. Hesabu kubwa inakatwa vipande, kompyuta yako inateremsha kimoja, inakipigia hesabu wakati huitumii, kisha inarudisha jibu. Kipande kimoja mara nyingi hupewa kompyuta mbili na majibu yakalinganishwa, maana hata kwenye mchele wapo wenye macho mabovu.

Utasema haya ya Wazungu, kutafuta viumbe wa sayari nyengine. Kweli, SETI@home iliyoanza mwaka 1999 ilikuwa na kazi hiyo. Lakini mradi mmoja ulikuwa wa ugonjwa wetu. Ukiitwa malariacontrol.net, na ulisimamiwa na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki ya Basel, Uswisi. Ndani ya kompyuta kunajengwa kijiji cha watu wa kubuni. Kila zinapopita siku tano za kijiji hicho, programu inauliza: nani kaambukizwa, nani kapata homa, kinga ya nani imepanda, nani kafa? Halafu: tukigawa vyandarua je? Tukichanja watoto?

Ugumu ni kwamba kuna nasibu ndani yake (mbu huyu angeweza kumuuma jirani), na vigezo vingi havijulikani. Basi unairudia hesabu mara maelfu, kwa thamani tofauti, mpaka kijiji cha kubuni kifanane na cha kweli. Na katika vya kweli vilivyotumika vimo Namawala na Idete, bonde la Kilombero, ambako watafiti wa Ifakara walikusanya takwimu za vimelea na mbu. Tone la damu la mtoto wa Idete likaishia kuwa hesabu chumbani kwa mtu asiyemjua, nchi asiyowahi kuisikia.

Hapa Zanzibar walioambukizwa wamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Swali letu sasa ni jengine: tukilegeza, itarudi kwa kasi gani, na boti kutoka Bara zinashusha abiria kila siku? Huwezi kuinyima shehia nzima vyandarua ili uone wangapi wataugua. Kwenye kijiji cha kubuni unaweza.

Mradi ule ulifungwa mwaka 2016. BOINC imebaki, na mingine imo, kama climateprediction.net ya Oxford inayohusu hali ya hewa.

Sasa gharama, ambayo wahamasishaji huipitia haraka. Kompyuta ya mezani ya wati 150, saa 10 kila usiku, inakula yuniti 45 kwa mwezi. Laptopu ya wati 40, yuniti 12. Tukuza haina huruma, kwa hiyo kama anayenunua umeme ni mama, muulize yeye kwanza. Mimi nisingeiwasha kompyuta kwa ajili ya hili tu. Ningeiachia ile ambayo ingewaka vyovyote. Kwenye mpangilio, iambie itumie nusu ya prosesa, ifanye kazi ikiwa kwenye chaji tu, na usiipe bando la simu. Wakati wa kaskazi usiiweke juu ya godoro, itajichemsha. Umeme ukikatika hupotezi usiku mzima, kwani nyingi ya kazi hizi hujihifadhi kila baada ya muda. (Mwaka 2008, Unguja ilipokaa kiza takriban mwezi mzima, hilo lisingesaidia kitu.)

Na ukumbuke unaendesha programu ya watu kwenye mashine yako. Chagua mradi wa taasisi inayojulikana. Kompyuta ya ofisini? Hiyo omba ruhusa kwanza.